Nazi, roho ya vitafunio vya Kwale

ANAYEFIKA Ukunda alfajiri, kabla matatu za Likoni hazijajaa, hupokewa na harufu mbili: ya moshi wa kuni na ya iliki. Mama wa vitumbua ameshakaa nyuma ya chuma chake chenye vishimo, anamimina uji mzito wa mchele na kugeuza kwa kijiti.

Vitumbua, mahamri, kaimati, vibibi, mkate wa sinia na kashata ni mapishi ya pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Vanga na kuvuka mpaka hadi Tanga. Wenyeji wa Kwale hawadai kuwa ndio waliovibuni. Hata hivyo, jikoni mwao, kuanzia Diani hadi Msambweni, nazi hutangulia na sukari hufuata.

Si kwamba sukari ilikuwa mbali. Kiwanda cha Ramisi kilisaga miwa papo hapo kusini mwa Msambweni hadi kilipofungwa mwaka wa 1988. Lakini mpishi aliyepungukiwa na sukari hupika chakula kisichokolea tu. Aliyekosa nazi huahirisha mapishi.

Nazi iliyokomaa hukunwa kwa mbuzi, yaani kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma. Hutiwa maji ya uvuguvugu, ikakamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu, ingawa siku hizi chujio la plastiki limechukua nafasi hiyo katika nyumba nyingi. Mkamuo wa kwanza hutoa tui zito, na unaofuata hutoa tui jepesi. Machicha yanayobaki hupewa kuku.

Mwanafunzi wa jikoni huchanganya matui yote mawili, na hapo ndipo mambo huharibika. Tui jepesi ndilo la kuivishia. Tui zito hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka bila kupumzika, la sivyo hukatika na mafuta yakaelea juu. Ndizi mbivu za nazi, zenye iliki na sukari kidogo, hufaulu au kushindwa katika dakika hizo chache.

Kwa vitumbua, mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui, kisha ukatiwa hamira, sukari na iliki na kuachwa uumuke. Mahamri nayo ni ya unga wa ngano uliokandwa kwa tui badala ya maji. Huliwa kwa mbaazi za nazi, na kwa maoni ya mwandishi huyu, hamri bila mbaazi ni nusu ya chakula.

Mgeni kutoka Poland anayepumzika Diani huenda akaitambua hamri mara moja. Kwao kuna pączki, maandazi ya mviringo yaliyojazwa jamu, ambayo huliwa kwa wingi Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Kwale, ambako Wadigo wengi ni Waislamu, kaimati na vitumbua hupata heshima yake kuu jioni za Ramadhani. Tofauti ni kwamba mwenyeji hangoji kumaliza mlo ndipo ale kitu kitamu. Utamu ni wa chai ya asubuhi au wa kufungulia saumu.

Mapishi haya yote yanategemea mti mmoja, na mti huo una wadai wengi. Mnazi mrefu wa asili huchukua takriban miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Unaogemwa tembo hauzai nazi kwenye karara zilizokatwa. Mdudu chonga hutoboa kilele chake. Minazi mingine hukatwa mbao, au husafishwa pamoja na kichaka pale shamba linapogeuzwa ploti za nyumba.

Nazi zinapoadimika, anayeumia kwanza ni mama wa vitumbua. Hawezi kupandisha bei kila wiki, kwa kuwa wateja wake ni wanafunzi, vibarua na waendeshaji bodaboda. Hivyo huongeza maji katika tui, au hununua tui la unga la dukani, na mteja wa siku zote hujua kwa tonge la kwanza.

Wazee waliopanda minazi mingi inayozaa leo hawakuipanda kwa ajili ya matumbo yao. Mche unaotiwa ardhini Msambweni msimu huu wa mvua hautakunwa kwenye mbuzi kabla mtoto anayeingia darasa la kwanza hajafika mwisho wa shule ya msingi.