Jembe la Ufipa halikuwa na chapa

Wiki hii nazungumza na vijana. Kijana wa leo akiingia dukani hapa Sumbawanga haulizi viatu, anauliza jina la viatu. Hataki simu tu, anataka simu ya kampuni fulani. Si vibaya. Lakini ni vyema ajue jina la bidhaa huzaliwaje, hukuaje, na kwa nini mengine hufa. Mfano hatuutafuti mbali. Tutachukua jembe.

Kabla ya ukoloni, Ufipa ilikuwa nchi ya wahunzi. Wazee waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu. Tanuru moja liliweza kufikia kimo cha mita 3, na mara nyingi lilijengwa karibu na kichuguu, maana udongo wake unafaa sana kwa kazi hiyo. Halikuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, na moto ukawaka siku kadhaa. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kisha mhunzi akafua jembe. Mabaki ya malungu yapo hadi leo, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliyachunguza kwa kina huko Nkansi katika miaka ya 1990.

Jembe hilo lililima matuta ya ntumba, yale ya kufukia nyasi zikaoza zikawa mbolea. Lilitolewa mahari, tena lilibadilishwa kwa bidhaa za majirani. Je, lilikuwa na chapa? Halikuwa nayo, wala halikuihitaji. Mnunuzi alimjua mhunzi, au alimjua mtu aliyemjua mhunzi. Jembe likivunjika mapema, alijua pa kwenda kulalamika.

Sasa twende Uingereza. Viwanda vya huko vilitengeneza bidhaa kwa maelfu, za kuuzwa kwa watu ambao hawatamwona mtengenezaji maisha yao yote. Ilibidi kipatikane kitu cha kushika nafasi ya uso wa mhunzi. Kitu hicho ndicho chapa. Nchi hiyo ilianza kuandikisha alama za biashara tarehe 1 Januari 1876, na alama ya kwanza ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Angalieni vizuri: pembetatu huitambua hata asiyejua kusoma.

Kampuni ya Chillington ya mji wa Wolverhampton ilifuata njia hiyo hiyo. Majembe yake yalipigwa chapa ya mamba, yakauzwa sehemu nyingi za Afrika. Mkulima hakuwa na haja ya kujua Kiingereza. Aliomba lile la mamba. Likidumu, msimu mwingine alimtafuta mamba yule yule na kumwambia jirani. Hivyo ndivyo jina linavyokua. Tangazo husaidia, lakini kinacholikuza ni ahadi kutimizwa mara nyingi.

Tuseme ukweli, malungu hayakushindwa na picha ya mnyama. Yalihitaji mkaa mwingi, watu wengi na siku nyingi, na jembe la kiwandani likaja kwa bei nafuu. Mwaka 1937, jarida la Tanganyika Notes and Records lilipochapisha makala ya Greig kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa, kazi yenyewe ilikuwa imefika ukingoni.

Baada ya Uhuru tulijaribu tena. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitupa jembe la UFI, na herufi hizo tatu zikajulikana hadi vijijini. Mbeya nako kukawa na kiwanda cha ZZK. Soko lilipofunguliwa na majembe ya nje yakaingia kwa wingi, viwanda hivyo havikuweza kuhimili. Kumbe chapa peke yake haimwokoi mtengenezaji aliyelemewa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, ila chema hujiuza pale kinapojulikana. Leo mahindi na maharage ya Ufipa hupakiwa katika magunia yasiyo na neno hata moja, yakapanda lori kuelekea Tunduma na mbele zaidi. Mlaji akiyapenda, ataombaje mengine kama hayo? Na mkulima aliyechambua maharage yake akaondoa mawe hulipwa sawa na jirani yake aliyeyaacha. Mwaka ujao, kwa nini ajisumbue?

Njia ipo. Tunayo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na alama huandikishwa BRELA. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Kikundi cha vijana kinaweza kuandikisha alama ya unga au maharage yake. Lakini hiyo ni hatua ya pili. Ya kwanza ni kuhakikisha gunia la mia moja linafanana na gunia la kwanza.

Wahunzi wa malungu walijulikana kwa sura na wateja wao. Ninyi mnamuuzia mtu wa Dar es Salaam ambaye hamtaonana naye. Mpeni basi jina la kuuliza, na mlitunze. Tukutane wiki ijayo.