Kutoka Creswell hadi Kilima cha Ilsan: Miaka 70 ya Kazi ya Harry na Bertha Holt

Harry Holt alipopatwa na mshtuko wa moyo mwaka 1950, alikuwa mtu aliyekwishajenga maisha yake. Alikuwa na shamba Creswell, mji mdogo katika jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani. Biashara ya mbao ilikuwa imempa fedha za kutosha. Yeye na mkewe Bertha walikuwa na watoto sita. Moyo ukamlazimisha aache kazi nzito, na kwa mtu wa umri wake lingekuwa jambo la kawaida kukaa barazani akisubiri wajukuu. Lakini Harry alikuwa Mkristo aliyeamini kwamba mtu haachiwi uhai bure.

Bertha naye hakuwa mwanamke wa kukaa. Alizaliwa mwaka 1904 Des Moines, jimbo la Iowa, akasomea uuguzi, na akaolewa na Harry mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1927. Walianza maisha kwa kilimo South Dakota, wakaonja ukame na vumbi lililofukuza maelfu ya wakulima katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 wakahamia Oregon kuanza upya. Nalitaja hili kwa sababu walioandika habari za akina Holt mara nyingi huwaonyesha kama matajiri waliojiwa na huruma ghafla. Hawa walikuwa wakulima waliojua kupoteza shamba, na mama wa nyumba hiyo alijua kumshika mtoto mwenye homa usiku kucha.

Mwezi Desemba 1954 walikwenda Eugene, mji wa jirani, kutazama filamu za Bob Pierce, mwanzilishi wa shirika la World Vision. Vita vya Korea vilikuwa vimesimama mwaka mmoja na nusu kabla yake, Julai 27, 1953, na kuacha nchi magofu. Filamu zile zilionyesha vituo vya yatima, na ndani yake watoto ambao mama zao walikuwa Wakorea na baba zao askari wa kigeni, wengi wao Wamarekani. Korea ya wakati ule ilimtambua mtoto kwa baba. Jina lake liliandikwa katika daftari la ukoo chini ya mkuu wa kaya wa kiume, na asiye na baba wa Kikorea alikosa mahali pa kuandikwa sawasawa. Mama yake alisimangwa, na yeye mwenyewe sura yake ilimsema kila apitapo. Serikali ya Rais Syngman Rhee ilitaka watoto hao waondoke nchini.

Holt na mkewe walianza kama waanzavyo wafadhili wengi, kwa kutuma fedha za matunzo kila mwezi. Haikuwatosha. Kila mmoja kivyake alikuwa ameanza kuwaza kuwaleta watoto nyumbani, na walipoambizana, waliafikiana kuwachukua wanane.

Sheria haikuruhusu. Sheria ya wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1953 iliruhusu familia moja kuasili yatima wawili tu kutoka nje. Kwa hiyo walitafuta sheria yao wenyewe. Seneta Richard Neuberger na mbunge Edith Green, wote wa Oregon, waliubeba mswada huo, na mwaka 1955 Bunge la Marekani likaipa familia moja ya wakulima ruhusa ya kuingiza watoto wanane. Harry hakusubiri upite. Alikwishapanda ndege kwenda Korea, na moyo wake mbovu, huku Bertha akibaki nyuma kuandika barua na kuandaa vitanda. Njiani, Harry alisema baadaye, alifungua Biblia na macho yake yakaangukia Isaya sura ya 43. Kutoka katika sura hiyo Bertha alipata jina la kitabu alichokichapisha mwaka 1956, The Seed from the East.

Oktoba 14, 1955, Harry alishuka uwanja wa ndege wa Portland akiwa na watoto 12. Wanane walikuwa wake, na wanne walikwenda kwa familia nyingine. Waandishi wa habari walikuwa wamejaa uwanjani. Picha ya mkulima yule mwenye kofia, akiwa na watoto wachanga mikononi, ilizunguka Marekani nzima, na barua zikaanza kumiminika Creswell kutoka kwa watu wenye ombi moja: nasi tunataka mtoto. Kwa muda mfupi nyumba ya shambani ikageuka ofisi. Mwaka 1956 ofisi hiyo ikapata jina rasmi, Holt Adoption Program, na taasisi ikazaliwa.

Mfanyakazi wa kwanza upande wa Korea alikuwa David Hyungbok Kim, kijana aliyekuja kuwa mkono wa kulia wa Harry na ambaye miaka mingi baadaye aliliongoza shirika zima. Binti wa Holt, Molly, muuguzi kama mama yake, alikwenda Korea mwaka huohuo wa 1956. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nitarudi kwake.

Njia ya Harry ilikuwa ya haraka. Kwa sheria za Korea, aliweza kusimama kwa niaba ya wazazi waliokuwa Marekani na kukamilisha uasili hapohapo Seoul, hivyo mtoto aliondoka nchini akiwa tayari mwana halali wa watu asiowahi kuwaona. Kisha alikodi ndege nzima. Ndani ya ndege hizo watoto wachanga walilazwa katika maboksi ya kadibodi yaliyotandikwa blanketi na kufungwa kwenye viti. Wauguzi na wasaidizi wachache walitembea katikati ya maboksi wakiwa na chupa za maziwa na nepi, saa baada ya saa juu ya Bahari ya Pasifiki. Wapo watoto waliopanda wakiwa na surua au utapiamlo, na wapo ambao hawakuweza kuokolewa. Harry aliona kila siku ya kungoja makaratasi kuwa siku ya mtoto kufa kituoni, na kwa miaka ile ya njaa na magonjwa hakuwa anatia chumvi.

Sharti lake kuu kwa wazazi lilikuwa imani: wawe Wakristo waliookoka. Maofisa wa ustawi wa jamii wa Marekani walilalamika tangu mapema. Walisema wokovu wa mtu hauonyeshi kama anaweza kulea mtoto aliyepitia vita, na kwamba uasili wa kwa niaba unaruka hatua ya kuichunguza nyumba anakokwenda mtoto. Walikuwa na haki kusema hivyo. Baadhi ya watoto waliangukia mikono mibaya, na mwaka 1961 Marekani ilibadilisha sheria na kuifunga njia ile. Wahenga walikwishasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na huko ndiko taasisi ilikokuwa dhaifu katika miaka yake ya mwanzo. Ilijua kumfikisha mtoto mlangoni kuliko ilivyojua yaliyompata baada ya mlango kufungwa.

Lipo jambo zito zaidi la utaratibu ule, nalo lilikuwa katika daftari. Ili mtoto aondoke kama yatima, alifunguliwa ukurasa wake peke yake katika daftari la ukoo, akaandikwa kuwa mkuu wa kaya yenye mtu mmoja, hana baba, hana mama. Kwa yatima wa kweli, huo ulikuwa ukweli wa kusikitisha. Kwa mwenye mama aliyekuwa hai, aliyemtoa kwa ufukara au kwa aibu, ukurasa ule ulimfuta mama. Utaratibu huu haukuwa wa Holt peke yao. Ulikuwa wa serikali, na mashirika yote ya uasili yaliutumia.

Harry hakuishi kuuona mwisho wa utaratibu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa amenunua ardhi Ilsan, kaskazini magharibi mwa Seoul, akaanza kujenga makao kwa watoto ambao hakuna aliyekuwa akiwaomba: wenye ulemavu wa akili, waliopooza, wenye magonjwa ya muda mrefu. Alifanya kazi ya mikono pale kama kijana. Aprili 28, 1964, moyo uliomwonya mwaka 1950 ulisimama. Akazikwa palepale, juu ya kilima cha Ilsan.

Watu wengi walidhani mambo yangeishia hapo. Bertha alikuwa mjane wa miaka 60, na watoto aliowaasili walikuwa bado wadogo nyumbani. Yeye akaamua kazi iendelee. Kuanzia hapo jina la shirika likawa na sura yake: bibi mwembamba, mara nyingi amevaa hanboki, vazi la heshima la Kikorea, akisafiri kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 1966 Marekani ilimtangaza Mama wa Mwaka wa taifa. Watoto walimwita Bibi Holt, Wakorea na Wamarekani vilevile.

Kazi ikavuka Korea. Mwaka 1973 shirika liliingia Vietnam. Aprili 1975, Saigon ikikaribia kuanguka, liliwatoa watoto wake kwa ndege ya Pan Am iliyokodiwa, siku moja baada ya ndege ya jeshi la Marekani iliyobeba yatima kuanguka na kuua watoto wengi. Miaka iliyofuata ilileta Ufilipino, Thailand, India, China, Ethiopia. Tawi la Korea likajitenga na kuwa taasisi ya nchi hiyo yenyewe. Nchini Korea idadi ya watoto wanaopelekwa nje iliendelea kupanda hata baada ya vita kusahaulika na uchumi kunawiri. Mwaka 1985 peke yake waliondoka zaidi ya 8,800. Hawa hawakuwa tena watoto wa askari. Wengi walikuwa wana wa mama wasioolewa. Michezo ya Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988 ilipoleta waandishi wa dunia nzima, swali liliulizwa waziwazi: nchi inayojenga viwanja hivi inashindwaje kulea watoto wake?

Kwa maoni yangu, jibu bora kutoka katika familia ya Holt lilitolewa na Molly. Yeye alibaki. Aliishi Ilsan na watu wenye ulemavu, akala nao, akazeeka nao. Hakuolewa. Waliofika pale wakiwa watoto walikua chini ya macho yake wakawa watu wazima wenye mvi. Ilsan ina kwaya ya watu wenye ulemavu, na ina timu ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Molly alifariki Mei 2019, akiwa na miaka 83, baada ya zaidi ya nusu karne nchini Korea. Picha za ndege zilifanya familia hii ijulikane, lakini mimi naona ukubwa wake uko katika miaka hii ya Ilsan, ambayo haikuwa na kamera.

Bertha alipofikisha miaka 92, mwaka 1996, alikimbia mita 400 katika uwanja wa Hayward, Eugene, akaweka rekodi ya dunia ya wanawake wa umri wake. Mazoezi hayo hayakuwa mapya kwake, kwani alikuwa na desturi ya kukimbia asubuhi. Alifariki Julai 31, 2000, na mwili wake ukapelekwa Ilsan kuzikwa kando ya mumewe.

Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa uraia moja kwa moja watoto walioasiliwa kutoka nje, lakini ikawaacha waliokwishatimiza miaka 18 ilipoanza kutumika Februari 2001. Kwa hiyo wapo watu wazima walioletwa na mashirika mbalimbali wakiwa wachanga, wazazi wao hawakuwahi kukamilisha makaratasi ya uraia, na baadhi wakarudishwa Korea, nchi wasiyoijua lugha yake. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba ameletwa nyumbani akafukuzwa humo, hilo ni jeraha ambalo hakuna maadhimisho yanayoweza kulifunika.

Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilitoa matokeo ya uchunguzi wake. Ilisema serikali ilikiuka haki za watoto kwa kuacha uasili wa nje mikononi mwa mashirika binafsi bila usimamizi wa kutosha, na kwamba kulikuwa na nyaraka za kughushi, watoto walioandikwa yatima huku wazazi wapo, na hata utambulisho wa mtoto mmoja kupewa mwingine. Holt ilikuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya zama hizo. Oktoba mwaka huohuo Rais Lee Jae-myung aliomba radhi kwa niaba ya taifa.

Wapo watakaosema habari hizi hazifai katika kumbukumbu ya waasisi. Mimi nasema waasisi hawa wanastahili kukumbukwa kikamilifu. Harry na Bertha walifungua nyumba yao kwa watoto wanane, wakawapa jina lao na sehemu ya urithi wao, na hilo halifutwi na lolote. Lakini watoto takriban 200,000 wa Korea waliosambazwa duniani tangu vita hawakuingia wote katika nyumba ya Creswell, na kila mmoja wao ana haki ya kuujua mwanzo wake.

Leo Holt International ina makao yake Eugene, na sehemu kubwa ya kazi yake ni ufadhili: chakula, shule, matibabu, na msaada kwa familia maskini ili zisilazimike kutengana na watoto wao. Nchini Korea, sheria iliyoanza kutumika Julai 2025 imeukabidhi uasili kwa serikali, na kumbukumbu za mashirika binafsi zimeagizwa kuhamishiwa taasisi ya umma ya haki za mtoto. Wengi wa wanaoomba mafaili yao sasa ni watu wa makamo na zaidi, na mama wanaowatafuta, walio hai, ni vikongwe. Kwa hiyo maombi hayo yanahitaji kushughulikiwa kwa haraka ileile Harry aliyoitumia kuwapandisha ndegeni.