Kukata si Kupunguza

"Mzee, mbona unakata miti?" nilimuuliza jirani hapa Milimani nilipomkuta na panga kwenye kijisitu chake cha siala, mti ule wa maua ya njano ambao Waluo huupenda kwa nguzo.

"Sikati, mwanangu. Napunguza."

Lugha iko upande wake. Kupogoa ni kuondoa matawi, mti ukabaki. Kufyeka ni kuondoa miti ya eneo zima. Kupunguza ni kutoa baadhi ya miti ili iliyobaki inenepe. Miti iliyosongamana hugombania mwanga, maji na rutuba. Hurefuka kama fito, majani yakibaki kileleni tu. Itoe iliyodhoofika na iliyopinda, na ile iliyobaki itatanua matawi, shina liongeze unene mwaka hadi mwaka. Kimo hakibadiliki sana. Ila usifungue nafasi kubwa kwa ghafla: baadhi ya miti ya mbao ngumu huchipuza vitawi shinani, na mbao hutoka na mafundo.

Marufuku ya Februari 2018 ya kuvuna miti katika misitu ya umma ya Kenya, ambayo Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, tuliijadili kwa neno moja: ukataji. Aliyetoa mti mmoja ili jirani zake wapate nafasi, na aliyeacha kilima uchi, wote tukawaita wakata miti. Hilo linaniuma, maana neno la kuwatenganisha tunalo.

Siala alizotoa mzee sasa ni nguzo za ua wake.