Bibi Aliyekaa na Mtoto

Katika baridi ya mwezi wa Januari, mwaka 1800, mtoto mwanamume apataye miaka 11 au 12, asiye na vazi ila tambara la shati lililochakaa, alitoka msituni akaingia katika kiwanja cha mtia rangi nguo mmoja wa Saint-Sernin, kijiji cha kusini mwa Ufaransa, naye hakuwa na neno hata moja la lugha ya wanadamu. Mwezi wa Agosti alifikishwa Paris, katika Chuo cha Viziwi, na watu wa mji wakamiminika kumtazama, maana wanafalsafa wa zama zile walikuwa wamewazoeza kuamini kwamba binadamu aliyelelewa na maumbile peke yake hana budi awe mwema. Walichokikuta ni mtoto aliyewauma na kuwapapura, na aliyejiyumbisha mbele na nyuma mithili ya mnyama aliyetiwa kizimbani. Philippe Pinel, tabibu aliyekuwa mashuhuri kuliko wote katika elimu ya maradhi ya akili, alimpima akamhesabu pamoja na wasiotarajiwa kupona. Tabibu kijana wa chuo kile, Jean Itard, ambaye umri wake ulikuwa haujazidi miaka 26, aliikataa hukumu ile, akajitwisha kazi ya kumfundisha.

Tangu hapo hadithi hii imekuwa milki ya Itard, na hapana anayemnyima haki yake. Walakini ye yote atakayezisoma kwa utulivu taarifa zake mbili, ya mwaka 1801 na ya mwaka 1806, atamkuta humo mtu mwingine, mwanamke aliyeajiriwa kumtunza mtoto, ambaye Itard humwita Bibi Guérin wala halitaji jina lake la kwanza. Mimi naamini kwamba kazi inayofanywa leo na wasaidizi wa darasa, yaani watu wakaao ubavuni pa mtoto mwenye ghadhabu, hofu au utukutu uliowashinda wengine ili asitengwe na wenzake, inayo nasaba yake, na kwamba nasaba hiyo humwanzia bibi huyu kabla ya kumfikia tabibu ye yote.

Shabaha ya kwanza aliyoiandika Itard ilikuwa kumpendezesha mtoto maisha ya nyumbani, kwa kuyafanya yafanane kwanza na yale aliyoyazoea msituni. Ni maneno mepesi kuandikwa. Kuyatimiza kulimpasa Bibi Guérin amkalishe mtoto katika maji ya moto saa mbili au tatu kila siku, mpaka ngozi iliyokuwa haijali baridi wala moto ikaanza kuhisi. Amwache alale giza linapoingia, kwa kuwa ndiyo desturi yake. Amlishe vitu alivyovipenda. Tena amchukue matembezi katika bustani ya Luxembourg, ilhali mtoto mwenyewe hakujua mwendo wa polepole, kila safari akitaka kukimbia. Mtoto alipewa jina la Victor, kwa sababu sauti ya “o” ndiyo iliyomgeuza uso. Neno la kwanza walilofurahi kulisikia kinywani mwake lilikuwa la Kifaransa la maziwa; na tamko jingine alilolishika, la kumtaja Mungu kwa mshangao, hakulifundishwa na mtu: alilinasa kwa Bibi Guérin, ambaye lilikuwa halimtoki ulimini. Hivyo ndivyo mtoto asiyesikia mafunzo huyasikia maisha ya aliye karibu naye.

Liko tukio moja ambalo siwezi kulipita, kwa kuwa linaonyesha umbali uliokuwapo baina ya njia mbili, ya tabibu na ya mlezi. Victor alipokuwa akichoshwa na masomo yake ya kadi na herufi, hupandwa na hamaki, akazitupa chini, akauma shuka, akagaagaa. Itard alijua kwamba mtoto huogopa sana mahali pa juu. Basi siku moja, alipoona hasira imezidi, alimkamata, akafungua dirisha la ghorofani, akamning'iniza nje kichwa chini, uso ukielekea mawe ya uani. Alipomrudisha ndani mtoto alikuwa amepauka kwa hofu, akatetemeka, akaziokota kadi zote, kisha akajitupa kitandani akalia machozi. Itard ameandika haya bila ya kuficha, tena kama mtu aliyefuzu. Na kweli hamaki zile zilipungua. Lakini mimi nikisoma habari hiyo moyo wangu humwendea mtoto kitandani, nikajiuliza ni nani aliyekuja kukaa naye baada ya somo kwisha; na jawabu silihitaji kulibuni, kwa kuwa mwenye kukaa naye saa zote ambazo si za masomo alikuwa mmoja tu.

Thamani ya kukaa huko ilidhihirika baadaye. Victor alitoroka akafika mpaka misitu ya upande wa Senlis, akakamatwa, akafungwa gerezani Paris kama mzururaji asiyejulikana, na siku zipatazo 15 zikapita kabla ya wenyewe kumtambua. Bibi Guérin alipoingia gerezani, mtoto alipomwona tu alibadilika rangi akazimia. Alipozinduka mikononi mwa mlezi wake alimpapasa na kumshangilia, hata waliokuwapo wakaona ni mwana aliyerudishwa kwa mamaye. Liko na jingine, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Kuandaa meza ilikuwa kazi ya Victor. Mume wa Bibi Guérin alipofariki, Victor aliandaa siku ile kama kawaida yake, akaweka na sahani ya marehemu. Mjane aliiona sahani, akalia. Victor alimtazama, akaitwaa sahani ile na vyombo vyake, akairudisha kabatini, wala hakuiweka tena maisha yake. Kijana yule aliyehukumiwa kuwa hana akili ya kufahamu chochote alifahamu majonzi ya mtu, akafahamu na sababu yake, na kadi za Itard hazikuwa na herufi za kufundishia jambo hilo.

Mafunzo ya Itard yalirithiwa na Édouard Séguin, ambaye aliyachukua hadi Marekani katikati ya karne ya 19, na kisha na Maria Montessori wa Italia, aliyeyanakili maandiko ya wote wawili kwa mkono wake. Katika nyumba ya watoto aliyoifungua Roma mwezi wa Januari 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, aliyewekwa kushinda na watoto alikuwa mwanamke asiyesomea ualimu. Kwa mara nyingine nadharia ilikuwa na jina, na mikono haikuwa nalo.

Huko Marekani mikono hiyo iliitwa darasani kwa sababu mbili zilizokuja karibu pamoja. Ya kwanza ni upungufu wa walimu baada ya vita vikuu vya pili, ambao uliufanya mji wa Bay City, Michigan, ujaribu mwaka 1953, kwa fedha za mfuko wa Ford, kuwapa walimu wasaidizi. Na wako walimu waliolaumu kwamba hiyo ni hila ya kupata kazi ya ualimu kwa bei rahisi. Ya pili ni mahakama. Mwaka 1972, katika mji mkuu wa Washington, jaji Joseph Waddy aliamua daawa ya watoto 7 walionyimwa shule, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 12 aliyefukuzwa katika darasa la nne kwa kuwa mwenendo wake umewashinda walimu. Serikali ya mji ilitoa udhuru wa uhaba wa fedha. Jaji alikataa: fedha zikiwa haba, alisema, uhaba huo usiangukie watoto hawa kuliko wengine. Miaka mitatu baadaye, Novemba 29, 1975, rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu, ambayo yenyewe ilikiri kwamba watoto milioni moja walikuwa wametengwa kabisa na shule za umma. Sasa walirudi, na wengi wao hawakuweza kuachwa peke yao katikati ya darasa la watu 30.

New York ilikuwa imekwisha kuwaajiri maelfu ya wasaidizi, aghalabu akina mama weusi na wa asili ya Puerto Rico kutoka mitaa ile ile ya wanafunzi, kwa ujira duni usio na likizo wala dhamana ya kazi. Velma Murphy Hill, mwanamke aliyekwisha kupigwa jiwe Chicago mwaka 1960 kwa kudai haki ya watu weusi kuoga ufukweni, ndiye aliyewaunganisha. Na mwaka 1970, chini ya chama cha walimu wa mji huo, walipata mkataba uliowaongezea ujira na kuwafungulia njia ya masomo ya juu, ambayo wengi waliipita mpaka wakawa walimu kamili.

Kazi yenyewe imepata taratibu zake. Msaidizi hodari huandika nini kilitangulia kabla ya mtoto kupiga kelele, alifanya nini, na kikafuata nini, mpaka mwandiko wa siku nyingi ukamfunulia kwamba ghadhabu huja kila mara kitabu cha kusoma kinapofunguliwa, au kengele inapolia. Mwaka 1997 sheria ya Marekani iliagiza chanzo namna hiyo kichunguzwe, pindi mtoto anayelindwa nayo anapoondolewa darasani kwa zaidi ya siku 10. Lakini kabla ya daftari, msaidizi hujua kwa macho: bega limepanda, mguu umeanza kutikisika, penseli imeshikwa kwa ngumi. Hapo humsogelea mtoto, humpa ujumbe apeleke ofisini, au humtoa nje anywe maji, na wanafunzi wengine hawajui kuwa pana dhoruba iliyopita.

Tumrudie Itard. Aliiandika taarifa yake ya pili mwaka 1806, akakiri kwamba matumaini yake ya kumfundisha Victor kusema yamevunjika, akayageukia masomo ya viziwi. Hakuiandikia serikali taarifa ya tatu. Victor aliishi na Bibi Guérin katika nyumba ya kichochoro cha Feuillantines, karibu na chuo, serikali ikimlipa bibi ujira wa kumtunza, hata kijana yule akawa mtu mzima, na hata alipofariki mwaka 1828. Kati ya taarifa ya mwisho na kifo hicho ni miaka 22, na katika miaka hiyo hapakuwa tena na taarifa ya Itard wala umati wa kumiminika kushangaa. Aliyekuwa naye kulipokucha alikuwa yule yule.