Nani Alipe, Nani Ahesabiwe Mwenyeji: Ada ya Chuo Kikuu Tangu Uhuru

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, kada wa Chama huulizwa swali ambalo mara nyingi hulijibu kwa neno moja. Mzazi wa Kikuyu, hapa Dodoma, atauliza: mtoto wangu kazaliwa hapa, kasoma hapa, na chuo kikuu cha Serikali kimejengwa hapa hapa, kwa nini alipe ada sawa na mtoto aliyetoka Bukoba au Mtwara? Kada hujibu kwamba ada ni moja kwa Watanzania wote, akaishia hapo. Jibu ni la kweli, lakini halimwelimishi mzazi. Siasa isiyoelezwa huonekana kama amri, na jambo hili lina historia ambayo kada hana budi kuifahamu.

Tuanze na Kikuyu yenyewe. Eneo hili lina chuo kikuu ndani yake, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichofunguliwa na Kanisa Anglikana mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Shule hiyo ilianza chini ya wamisionari kwa jina la Alliance, baadaye ikawa ya Serikali na kupewa jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi. Mwaka huo huo wa 2007 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma kule Chimwaga, mahali ambapo Chama kilikuwa kikifanyia mikutano yake mikuu. Kwa hiyo kijana wa Kikuyu anaweza kwenda chuo kimoja kwa miguu na cha pili kwa daladala. Ujirani huo, hata hivyo, haumpunguzii ada hata senti moja. Katika chuo cha kanisa atalipa ada iliyopangwa na mwenye chuo. Katika chuo cha umma atalipa ile ile anayolipa Mtanzania mwingine yeyote wa kozi yake. Anachookoa ni nauli, na pengine kodi ya chumba akilala kwao.

Zipo nchi zilizochagua njia nyingine. Huko Marekani vyuo vikuu vya umma ni mali ya majimbo. Kila jimbo humtoza mkazi wake ada ya chini, na Mmarekani atokaye jimbo jingine humtoza ada ya juu zaidi, kwa hoja kwamba wazazi wa mkazi wamekwisha kukichangia chuo kwa kodi zao. Ndipo huzuka kazi kubwa ya kuthibitisha ukazi. Majimbo mengi hudai mtu awe ameishi humo miezi 12 kabla ya kuandikishwa, tena aonyeshe vielelezo: leseni ya gari, kodi ya mapato, kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililiambia jimbo la Connecticut kwamba haliwezi kumhesabu mwanafunzi kuwa mgeni kwa muda wote wa masomo yake bila kumpa nafasi ya kuonyesha kwamba amekwisha kuwa mkazi wa kweli. Kwa hiyo hata huko swali la nani ni mwenyeji huishia mahakamani.

Sisi tungeifuata njia hiyo, matokeo yake yangekuwa nini? Hapa inafaa tutazame hali halisi tuliyoirithi. Ukoloni haukuendeleza mikoa kwa usawa. Kilimanjaro na Bukoba kulikuwa na kahawa na shule nyingi za misheni. Ugogo katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, yakipishana, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ikafuata njaa kuu ambayo wazee waliipa jina la Mtunya, na nchi ikabaki hoi kwa miaka mingi. Mkoa ulioachwa katika hali hiyo ungejenga chuo kikuu cha namna gani kwa kodi ya watu wake peke yao? Tena kwa miaka mingi chuo kikuu kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa Dar es Salaam. Bei nafuu kwa mkazi ingekuwa zawadi kwa mtoto wa karani wa mjini, nayo ingelipwa kwa jasho la mfugaji wa Mvumi na mkulima wa Kongwa. Ndiyo sababu taifa likachagua kuwa na mwenyeji wa aina moja, naye ni raia.

Uamuzi huo haukuja siku moja. Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria na kikiwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Kati ya mwaka 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Katika miaka hiyo neno mwenyeji lilikuwa pana kuliko lilivyo leo: kijana wa Tanganyika alikwenda Makerere kusomea udaktari au Nairobi kusomea uhandisi, na wa Kenya akaja Dar es Salaam kusomea sheria, kwa kuwa vitivo vilikuwa vimegawanywa kati ya nchi tatu. Mwaka 1970 ushirika huo ulivunjika na kila nchi ikabaki na chuo chake.

Kuhusu malipo, hadi mwaka 1964 mzazi alichangia kadiri ya uwezo wake. Tangu hapo Serikali ikabeba gharama, na kijana naye akatia sahihi mkataba wa kulitumikia taifa kwa miaka mitano. Wako wanaosema leo kwamba zamani elimu ya juu ilitolewa bure. Hayo ni maneno ya kupotosha. Mwanafunzi alikuwa na deni, ila deni lenyewe lilikuwa la kazi. Mwalimu Nyerere alilieleza kwa mfano wa kijiji chenye njaa ambacho watu wake humpa kijana mmoja chakula chote walichobakiza ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Akila na asirudi, huyo ni msaliti.

Deni hilo lilikataliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya kuwataka wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa na kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Zaidi ya 300 walifukuzwa. Watu hukumbuka kufukuzwa huko na kusahau sehemu ya pili ya tukio: Rais alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa sababu wanafunzi walikuwa wameuliza swali la haki kuhusu mishahara ya wakubwa. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni mwaka uliofuata.

Mwaka 1974 ulileta mabadiliko mawili ambayo hatuna budi kuyaangalia pamoja. La kwanza ni mgawo wa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa. Hapa ndipo ukazi ulipopata nguvu katika nchi yetu: mtoto wa Dodoma hakushindana na wa Moshi kwa nafasi ile ile, alishindana na mwenzake wa Dodoma. Mkoa wa mtoto ulihesabiwa kwenye mlango wa sekondari, palipokuwa na mchujo mkali, wala si kwenye karatasi ya ada ya chuo kikuu. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kupunguziwa ada ya chuo kikuu kunamsaidia nini mtoto aliyekwamia darasa la saba?

La pili ni Azimio la Musoma la Novemba mwaka huo. Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba kijana asitoke kidato cha sita kwenda chuo kikuu moja kwa moja; apite JKT, afanye kazi angalau miaka miwili, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama. Sifa ya kustahili sasa ikawa tabia na utumishi juu ya alama za mtihani. Nia yake ilikuwa njema, na watu wazima wengi waliokuwa kazini walipata nafasi ambayo wasingeipata. Lakini tuseme ukweli: kalamu ya kupendekeza ikiwa mikononi mwa mtu mmoja ofisini huweza kupendelea na huweza kukomoa. Masomo ya sayansi nayo yaliumia, kwa kuwa hesabu huchakaa kichwani zisipotumiwa. Wasichana walikuwa wa kwanza kuondolewa sharti hilo, na katikati ya miaka ya 1980 likaachwa kabisa.

Baada ya Vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na kushuka kwa bei za mazao yetu, hazina ilikauka. Mwaka 1986 Serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na huduma za jamii zikaanza kutafutiwa walipaji wengine. Uchangiaji wa gharama za elimu ya juu ulianza Januari 1992, kwa hatua. Kwanza zilikuja gharama ndogo ndogo, kama nauli, ada ya maombi na ya kuandikishwa. Kisha chakula na malazi, vikiambatana na mikopo kuanzia mwaka 1994. Mwisho ikaja ada yenyewe, pamoja na vitabu na mahitaji maalumu ya kitivo. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Jirani zetu walipita njia tofauti kidogo: Makerere mwaka 1992 na Nairobi mwaka 1998 walifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia, wakakaa darasa moja na wenzao waliolipiwa na serikali.

Jambo kubwa lililotokea hapa halikujadiliwa inavyostahili. Deni la kazi liligeuka deni la shilingi. Chini ya mkataba wa 1964 daktari alilipa kwa kutibu watu Mpwapwa. Sasa daktari wa Mpwapwa na yule aliyejiajiri mjini kwa faida kubwa wanaandikiwa deni kwa kanuni moja. Shilingi haiulizi umelipatia wapi. Aprili 2007 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa baada ya wanafunzi kugoma wakipinga kuchangia asilimia 40 ya gharama. Mwaka 2016 makato ya mwajiriwa mwenye deni yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, tozo iliyofanya deni la mtu likue hata alipokuwa analipa. Hatua hiyo ilipokewa kwa furaha kubwa, na kwa haki.

Turudi kwa mzazi wa Kikuyu. Ingawa ukazi hauna nguvu kwenye ada, unarudi kwa mlango wa nyuma kwenye mkopo. Fomu ya Bodi hudai sahihi na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, na uthibitisho wa TASAF kwa kaya zinazosaidiwa nayo. Bodi hupima uwezo wa kaya kwa karatasi hizo, na kutokana nazo hupanga kiasi. Sasa ni kaya ipi isiyo na karatasi? Aghalabu ni ile ile iliyo maskini zaidi, ambayo baba alifia porini na mifugo na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo. Tangu mwaka 2016 shule hadi kidato cha nne hazina ada, na mwaka 2022 vidato vya tano na sita vikafuata. Mtoto wa kaya hiyo hufika sasa kwenye mlango wa chuo kikuu bila kuulizwa fedha njiani, na hapo hukutana na ada na karatasi kwa pamoja. Kada wa mtaa anayejua kazi yake huanza kufuatilia vyeti hivyo kijana akiwa kidato cha tano, wala hasubiri dirisha la maombi lifunguliwe.

Na uraia nao si mstari ulionyooka siku zote. Katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliishi watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Watoto wao walizaliwa hapa, wakalima hapa, wakaimba wimbo wa taifa shuleni. Walikuwa wakazi kwa kipimo chochote, lakini mkopo ni wa Mtanzania. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao walikabidhiwa uraia, na kwa hatua hiyo mtoto wa Mishamo akawa sawa na wa Kikuyu mbele ya Bodi. Zanzibar nako ipo Bodi yake ya mikopo tangu mwaka 2011, kwa ajili ya Wazanzibari, kwa hiyo ndani ya Muungano mmoja mpo sehemu ambako asili ya mwombaji bado huulizwa.

Linalobaki ni Afrika Mashariki. Vyuo vyetu vya umma vimekuwa vikitoza raia kwa shilingi na mgeni kwa dola. Tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya, wakikutana Dar es Salaam, walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Iwapo kijana wa Kampala au Kigali atahesabiwa mwenyeji pale Chimwaga, pengo kati ya ada ya shilingi na ile ya dola litajazwa na mlipa kodi wa Tanzania, na kijana wetu akienda Makerere litajazwa na wa Uganda. Mwaka 1963 nchi zetu ziligawana vitivo kwanza, ndipo wanafunzi wakavuka mipaka. Safari hii kila nchi ina vitivo vyake vyote, na hesabu ya nani atamlipia nani ingali mezani.