Muhuri si Macho

Muhuri huheshimiwa, lakini nauliza: unathibitisha nini?

Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mfumo wa kompyuta unaokusanya programu katika ghala moja, kila programu na mtunzaji wake. Novemba 2003 wavamizi waliingia katika kompyuta kadhaa za mradi huo, ghala likasalimika. Toleo la mwaka 2007 likaja na ulinzi: kompyuta hukagua saini ya ghala kabla ya kupokea programu.

Hata hivyo, Mei 2008 ilibainika kwamba tangu 2006 programu ya kutengenezea funguo za siri ilitoa funguo rahisi kubahatisha. Kasoro iliingizwa na mtunzaji, kwa nia njema. Saini ilikuwa halali.

Nasema basi, muhuri hutuambia mzigo umetoka kwa nani. Yaliyomo yanataka macho.