Tangu Lini Nyumba Ikauzwa?

Msomaji, wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii husemwa sokoni juu ya mbuzi, nguo na samaki. Je, yafaa kusemwa juu ya nyumba? Huko Kalemng'orok, kituo kilichoko kando ya njia kuu itokayo Kitale kwenda Lodwar, upande wa kusini wa nchi ya Waturkana, swali hili lisingaliulizwa na mtu yeyote miaka mia moja iliyopita. Nyumba zilikuwapo, na zilikuwa nyumba njema. Lakini hapakuwa na muuzaji, wala mnunuzi, wala bei. Haya tufuate jinsi mambo yalivyogeuka, kwa maana katika mageuzi hayo zimo haki za watu, na huenda siku moja zikawa haki zako.

Boma la Mturkana huitwa awi. Ndani ya uzio wa miiba kila mke ana makao yake: ekol, kivuli cha kukaa mchana, na akai, kibanda cha kulala. Mjenzi ni mwanamke mwenyewe. Hukata fito, huzikunja zikawa mfano wa kuba, huzifunga kwa kamba, kisha huziezeka kwa makuti ya mkoma. Na majira ya mvua hufunika ngozi juu yake. Malisho yakiisha, vyombo hupakiwa juu ya punda, na jamaa wote wakahama. Nani angenunua fito zilizosimama peke yake penye majivu ya jana? Mali ya mtu ilikuwa ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Nyumba ilikuwa kazi ya mikono ya mke na heshima yake, si bidhaa.

Usidhani, msomaji, kwamba watu hao hawakujua maana ya milki. Kandokando ya mto Turkwel kila ukoo ulikuwa na ekwar yake, yaani sehemu ya msitu wa mtoni ambayo miti yake ilikuwa haki ya ukoo huo. Maganda ya migunga yaangukayo huko ndiyo huokoa mbuzi wakati wa kiangazi kikali, na mtu wa mbali hakuyatumia ila kwa ruhusa. Haki hiyo ilirithiwa na watoto kutoka kwa wazazi. Basi changu na chako vilijulikana sana. Jambo lisilojulikana ni kumpa mgeni haki ya namna hiyo kwa fedha, akae nayo milele.

Ili nyumba iuzwe, mambo matatu hayana budi kuwapo: mgeni mwenye fedha, jengo lidumulo kuliko safari ya aliyelijenga, na ardhi yenye mipaka na mwenyewe. Na tuyatazame moja baada ya jingine.

Mgeni alichelewa kufika, kwa sababu alizuiwa. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria za mwaka 1902 na mwaka 1934 juu ya wilaya za mbali, na kwa nguvu za sheria hizo watu hawakuruhusiwa kuingia na kutoka wapendavyo. Lodwar ilikuwa mji mdogo wa ofisi, askari na maduka machache. Mzee Jomo Kenyatta, baada ya kifungo chake cha Lokitaung, aliwekwa Lodwar tangu mwaka 1959 hadi mwaka 1961, na mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa palikuwa mbali na watu wake. Mji unaotumiwa kumficha mtu si mji unaokimbiliwa na wanunuzi wa nyumba.

Jengo la kudumu lililetwa kwanza na msiba. Ukame wa miaka ya 1960 na 1961, na ule wa mwaka 1979 hadi 1981, uliua mifugo mingi, na watu waliofilisika walikusanyika penye vituo vya chakula. Asiye na mnyama hana sababu ya kuhama. Wengine walipewa mashamba ya kumwagilia maji kando ya Turkwel, kama yale ya Katilu, si mbali na Kalemng'orok. Hapo ndipo nyumba zilipoanza kukaa mahali pamoja mwaka hata mwaka, na bati likaanza kushika nafasi ya makuti.

Kisha njia ilifunguka. Katika miaka ya 1980 barabara ya lami ilijengwa kwa msaada wa Norway, na katika miaka hiyo hiyo bwawa la Turkwel lilikuwa likijengwa. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilianzishwa Kakuma. Mwezi wa Machi mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima kiitwacho Ngamia 1, katika upande wa Lokichar, na mwaka uliofuata Lodwar ikawa makao makuu ya serikali ya kaunti. Kila tukio lilileta walimu, makarani, madereva, wachuuzi na mafundi, nao wote walitaka mahali pa kulala. Basi mgeni mwenye fedha alikuwa amefika, na pamoja naye akafika dalali.

Sasa nyumba ilipaswa kupambwa. Tazama kazi ya muuzaji. Kwanza hufyeka mathenge, mti ulioletwa Turkana katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, ambao siku hizi huziba njia na nyua. Kisha hufagia uwanja, huziba matundu ya misumari katika bati, hupiga lipu mahali palipobomoka, hupaka rangi ukutani, na hutoa vyombo ili chumba kionekane kipana. Hapana uovu katika hayo. Mtu auzaye mbuzi humwosha. Kwa nini auzaye nyumba asiifagie? Usafi ni heshima kwa mgeni, tena humwezesha kuona kitu kama kilivyo. Uovu huanza pale rangi inapotumiwa kuficha njia za mchwa, au lipu mpya inapofunika alama ya mafuriko. Katika nchi ile korongo lililo kavu kwa miezi mingi huweza kujaa maji kwa saa moja, na nyumba iliyojengwa mkondoni haiponywi na rangi.

Pwani nako kuna mfano. Katika nyumba kuu za mawe za Lamu, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake au alimpa nyumba alipoolewa. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe, na zidaka zilipangwa vyombo vizuri, ili bibi arusi aingie mahali palipo safi. Mapambo yale hayakuwa kwa ajili ya mnunuzi. Baadaye, na hasa baada ya mji huo kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wageni wa nchi za mbali walizidi kuzitaka nyumba hizo, na zidaka zilezile zikawa sifa ya kupandishia bei. Twaona, basi, kwamba Lamu na Kalemng'orok, ingawa moja ina mawe na nyingine ilikuwa na fito, zimepitia jambo moja: nyumba iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanamke imepambwa kwa ajili ya mgeni.

Limesalia jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: ardhi. Tangu mwaka 1963 sehemu kubwa ya Turkana ilikuwa ardhi ya amana chini ya halmashauri ya wilaya, na viwanja vya mijini viligawanywa kwa barua. Katiba ya mwaka 2010 iliita ardhi ya namna hiyo ardhi ya jamii, na sheria ya mwaka 2016 ikaeleza kwamba jamii haiwezi kuitoa ardhi yake iliyoandikishwa ila kwa kibali cha theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa. Kwa hiyo mtu aweza kusimamisha nyumba nzuri, akaipaka rangi ya kupendeza, na bado asiwe na haki ya kuuza udongo ulio chini yake. Hali kadhalika, kule Kakuma mkimbizi aweza kuwa mwenye kuta alizozijenga kwa jasho lake, lakini ardhi ya kambi si yake. Anunuaye kwa maneno matupu hununua kuta zilizoazima mahali pa kusimama.

Tena pana sauti nyingine isiyofaa kusahauliwa. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 yakataza mume au mke katika ndoa ya mmoja kwa mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Wengine huiona sheria hiyo kuwa desturi ya kigeni. Lakini rudi katika awi, msomaji, ukaulize nani alikata fito na nani alifunga kamba. Mwanamke aliyeijenga akai hakuhitaji kitabu cha sheria kumwambia kwamba makao yale ni yake. Bati na saruji ndivyo vilivyomsahaulisha mumewe, kwa kuwa vilinunuliwa kwa fedha na kujengwa na fundi.

Kwa hiyo, siku utakapopelekwa na dalali kutazama nyumba, iwe Kalemng'orok, Lodwar au penginepo, ifurahie rangi yake, kisha uende polepole. Rudi baada ya mvua uone maji yanapita wapi. Gonga mbao usikie kama mchwa umezila. Waulize majirani mpaka wa kiwanja uko wapi, nao wakuonyeshe kwa miguu yao. Taka kuona karatasi, na uende ofisini kuhakikisha. Mwisho, ukiambiwa kwamba mwenye nyumba ni bwana fulani, uliza kwa adabu kama mama wa nyumba hiyo naye amekubali. Akiwa hajaulizwa, rudisha fedha zako mfukoni. Wahenga hawakukosea waliposema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.